Uchaguzi Unakaribia: Ukae na Hisa Zako, Upunguze, Ununue Kinga au Uhamishe Mzigo?

Kila uchaguzi mkubwa unapokaribia, mwenye hisa huulizwa na kila mtu: nani atashinda? Swali hilo hunogesha mazungumzo, lakini kwenye akaunti ya hisa halisaidii sana. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016, kura za Marekani zilipoanza kuonyesha kwamba Donald Trump anaongoza, mikataba ya baadaye (makubaliano ya kununua au kuuza siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa sasa) ya fahirisi ya S&P 500 (kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani) ilishuka kwa asilimia 5, kikomo cha kushuka kinachoruhusiwa usiku, ikazuiwa hapo. Kesho yake soko lilifunga likiwa limepanda kwa zaidi ya asilimia 1. Aliyebashiri mshindi sawasawa kisha akauza kwa hofu usiku ule alipatia siasa, akapoteza fedha.

Soko haliyapimi matokeo yenyewe. Linapima umbali uliopo kati ya matokeo na yale ambayo bei zilikuwa zimekwisha kuyatarajia. India inalionyesha hili vizuri kuliko nchi yoyote. Mei 2004 muungano ulioongozwa na chama cha Congress ulishinda pasipo kutarajiwa, na wawekezaji wakahofia nguvu ya vyama vya mrengo wa kushoto ambavyo ulivihitaji bungeni. Tarehe 17 Mei fahirisi ya Sensex ilianguka kwa asilimia 11, na biashara ikasimamishwa mara mbili siku hiyohiyo. Mei 2009 Congress walishinda tena, safari hii wakaweza kuunda serikali bila kuvitegemea vyama vile. Tarehe 18 Mei Sensex ilipanda kwa asilimia 17, na biashara ikasimamishwa kwa sababu ya kupanda.

Kwa hiyo anayetaka kufaidika kwa kubashiri anapaswa kupatia mambo matatu kwa mpigo: nani atashinda, kwa ukubwa gani, na soko lilikuwa linategemea nini. Wachache huyapatia yote matatu, na hata hao hawayapatii mara mbili mfululizo. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya wengine wote: mtu mwenye hisa ambaye hajui matokeo na bado lazima aamue afanye nini. Njia za kweli ni nne: kukaa bila kugusa, kupunguza, kununua kinga kwa opsheni (haki ya kuuza kwa bei iliyokubaliwa), na kuhamishia mzigo kwenye kampuni au masoko mengine.

Kwanza, ni wasiwasi wa aina gani?

Njia inayofaa kwenye wasiwasi wa aina moja huwa mzigo kwenye aina nyingine, kwa hiyo hapa pasirukwe.

Upo wasiwasi wenye tarehe na wenye mwisho: kura zinapigwa, mshindi anajulikana ndani ya siku mbili tatu, mambo yanaendelea. Mtikisiko wa bei hupanda majuma machache kabla, kisha huyeyuka, mara nyingi siku moja tu baada ya matokeo bila kujali nani kashinda.

Upo wenye tarehe lakini usiofungika: duru ya pili, bunge lisilo na chama chenye wingi wa viti, kesi mahakamani. Uchaguzi wa Marekani wa tarehe 7 Novemba 2000 uliamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 12 Desemba; katikati ya safari hiyo S&P 500 ilifika chini kwa takriban asilimia 8, ingawa hisa za teknolojia zilikuwa zinaporomoka hata bila kesi ile. Kenya, uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti 2017 ulifutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, na soko la hisa la Nairobi likalazimika kusimamisha biashara kwa muda siku hiyo. Waliodhani wasiwasi umeisha Agosti walijikuta wakingoja hadi kura ya marudio ya tarehe 26 Oktoba.

Upo usio na tarehe kabisa. Tarehe 18 Mei 2017, baada ya habari za kashfa iliyomgusa Rais Michel Temer, fahirisi ya Brazil ilifunga ikiwa chini kwa karibu asilimia 9. Hakuna kalenda iliyoonya.

Na upo unaogusa sarafu na mfumo mzima wa fedha. Tarehe 12 Agosti 2019, siku moja baada ya kura ya mchujo nchini Argentina, fahirisi ya Merval ilianguka kwa asilimia 38 kwa peso. Ukihesabu kwa dola, hasara ilikaribia nusu, kwa kuwa peso nayo ilianguka siku hiyohiyo. Katika aina hii soko lenyewe linaweza kufungwa: soko la Misri lilifungwa mwishoni mwa Januari 2011 likafunguliwa tarehe 23 Machi; la Athens lilifungwa mwishoni mwa Juni 2015, na lilipofunguliwa tarehe 3 Agosti lilishuka kwa asilimia 16.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia hapa chini inapimwa kwa mambo yaleyale. Gharama: unalipa nini hata kama hakuna kitakachotokea? Kinga: inazuia pigo lipi hasa, la siku moja, la miezi, la sarafu, au la soko kufungwa? Uamuzi wa pili: je, itakudai uamue tena wakati wa kurudi? Inapoharibika: makosa yake ya kawaida ni yapi? Na mwisho, inamfaa nani.

Kigezo cha tatu ndicho watu hukisahau, nacho ndicho huharibu hesabu za wengi. Kutoka sokoni ni uamuzi mmoja. Kurudi ni mwingine, na ni mgumu zaidi.

Njia ya 1: Kukaa bila kugusa

*Gharama.* Hakuna ada, hakuna kodi, hakuna pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji. Unachobeba ni pigo lote likija.

*Kinga.* Kwa siku moja, hakuna. Kinga yake ni muda, na muda umefanya kazi nzuri pale ambapo mshtuko ulikuwa wa matarajio tu. Tarehe 24 Juni 2016, kesho yake baada ya Uingereza kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, S&P 500 ilishuka kwa asilimia 3.6, kufikia tarehe 11 Julai ilikuwa imefunga kwenye kilele kipya. Tarehe 4 Juni 2024 Sensex ilianguka kwa karibu asilimia 6 matokeo yalipopishana na makadirio yaliyotangazwa baada ya upigaji kura. Tarehe 7 Juni ilifunga kwa rekodi. Aliyeuza tarehe 4 alikuwa na siku tatu tu za kujirekebisha, na hakuna aliyempigia kengele.

Lakini usiichukulie mifano hiyo kama sheria. Pale sera zinapobadilika kweli, au sarafu inapoyeyuka, fahirisi inaweza kurudi ilikokuwa kwa tarakimu huku fedha yako ikinunua kidogo kuliko awali. Pima urejeo kwa uwezo wa kununua, usiupime kwa pointi za fahirisi pekee.

*Uamuzi wa pili.* Haupo. Hii ndiyo sifa kubwa ya njia hii, na inastahili uzito kuliko unaopewa.

*Inapoharibika.* Huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni mtu anayesema anakaa, kisha anauza siku ya pili ya anguko. Huyo amechukua hasara ya njia hii bila kungoja faida yake. Ya pili ni mkopo wa dalali. Tuseme una 100 zako na umekopa 100, hisa zako zina thamani ya 200. Soko likishuka kwa asilimia 20, hisa ni 160, deni bado ni 100, chako ni 60, yaani asilimia 37.5 ya thamani. Dalali anayetaka angalau asilimia 40 iwe yako atakutaka uongeze fedha, na usipoongeza atauza mwenyewe, kwa bei ya siku mbaya kuliko zote. Mwenye mkopo wa namna hiyo hana njia ya kukaa. Anafikiri tu kwamba anayo. Apunguze deni kabla ya kupiga hesabu nyingine yoyote.

*Inamfaa nani.* Mwenye fedha asizozihitaji kwa miaka 5 au zaidi, aliyesambaza hisa zake, asiye na mkopo, na aliyewahi kuona akaunti yake ikishuka kwa asilimia 20 bila kubonyeza kitu.

Njia ya 2: Kupunguza na kuhamia kwenye hati fupi au taslimu

*Gharama.* Hesabu iwe wazi. Una hisa za 1,000,000 na unauza asilimia 30, yaani 300,000. Tuseme ada ya dalali ni asilimia 1 kuuza na asilimia 1 kununua tena, na pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji linakula nusu asilimia kila upande. Jumla ni asilimia 3 ya 300,000, sawa na 9,000. Fedha hizo zikikaa miezi miwili kwenye hati za serikali za muda mfupi kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, zinarudisha 4,000. Gharama halisi ni 5,000, au nusu asilimia ya mtaji wote, kabla ya kodi.

Soko likianguka kwa asilimia 10, umeokoa 30,000 na ukitoa gharama unabaki na 25,000. Likipanda kwa asilimia 6, umekosa 18,000 na umelipa 5,000 juu yake, hivyo umeachwa nyuma kwa 23,000. Anguko la 10 na panda ya 6 karibu zinalingana! Kwa hiyo njia hii inalipa tu ukiamini kwamba anguko lina uwezekano unaokaribiana na wa kupanda, au kama kuanguka kutakuumiza kuliko kupanda kutakavyokufurahisha. Sababu hii ya pili ni halali kabisa, hasa kwa mwenye bili za kulipa.

*Kinga.* Inazuia pigo la siku na la miezi kwa kiasi ulichouza. Inakupa pia fedha mkononi kama soko litafungwa. Haizuii kushuka kwa sarafu, maana taslimu na hati fupi ziko kwenye sarafu ileile. Na benki nazo zina siku zao: Ugiriki ilipoweka vizuizi vya fedha mwaka 2015, mteja aliruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku kwenye mashine.

Muda wa hati ni jambo la kuangaliwa sana. Wengi huuza hisa wakanunua hati fungani za miaka 20 au 30 wakidhani wamekimbilia usalama. Septemba 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza punguzo kubwa la kodi bila kuonyesha fedha zitatoka wapi. Hati fungani za muda mrefu ziliporomoka kiasi kwamba Benki Kuu ya Uingereza iliingia kununua tarehe 28 Septemba ili kuzuia mifuko ya pensheni isilazimike kuuza zaidi. Wasiwasi wa kisiasa ukiwa wa bajeti, hati ndefu huanguka pamoja na hisa, pengine kuzizidi. Kaa kwenye hati zinazoiva ndani ya miezi 3 hadi 6.

*Uamuzi wa pili.* Hapa ndipo mahali pagumu. Soko likianguka, utasema ngoja lishuke zaidi. Likipanda, utasema ngoja lirudi. Tiba ni kuandika ratiba ya kurudi siku ileile unayouza, kwa tarehe na si kwa bei: theluthi moja juma moja baada ya matokeo rasmi, theluthi baada ya baraza la mawaziri kutangazwa, theluthi baada ya bajeti ya kwanza. Kisha uifuate hata kama inakuchoma.

*Inapoharibika.* Kuuza kwa kuchelewa. Kwenye soko lenye ukwasi mdogo (lisilo na biashara nyingi), wanunuzi hupotea juma la mwisho na pengo la bei linaweza kutoka asilimia 1 kufika 4 au 5. Anayetaka kupunguza aanze majuma 6 hadi 8 kabla, kwa vipande vidogo. Kosa jingine ni kusahau siku za malipo. Mauzo ya Ijumaa hayawi fedha Ijumaa. Masoko mengi hukamilisha malipo baada ya siku 1 hadi 3 za kazi, na ikiwa Jumatatu soko limefungwa, siku hizo hazihesabiwi.

*Inamfaa nani.* Mwenye matumizi ya uhakika ndani ya mwaka mmoja au miwili, au mwenye hisa nyingi kuliko uwezo wake wa kuvumilia, anayehitaji kisingizio cha kurekebisha jambo alilopaswa kulirekebisha hata bila uchaguzi.

Njia ya 3: Kununua kinga kwa opsheni ya kuuza

Opsheni ya kuuza inakupa haki, bila kukulazimisha, ya kuuza fahirisi au hisa kwa bei iliyokubaliwa hadi tarehe fulani. Unalipa ada mbele. Ipo kwenye masoko makubwa. Kwenye mengi madogo haipo, au ipo kwa jina tu bila wanunuzi.

*Gharama.* Fahirisi iko 1,000. Unanunua haki ya kuuza kwa 950 kwa miezi miwili, kwa ada ya 18. Fahirisi ikianguka hadi 850, opsheni inakulipa 100, ukitoa ada 82. Hasara yako inashuka kutoka 150 hadi 68. Hiyo 68 (50 za mwanzo zisizokingwa pamoja na ada) ndiyo hasara yako ya juu kabisa, hata fahirisi ifike 500. Lakini ikishuka hadi 960 tu, opsheni haikulipi kitu: umepoteza 40 na ada 18, jumla 58. Na ikitulia, 18 zimekwenda.

Ada hiyo hupanda kabla ya uchaguzi, maana kila mtu anaiona kalenda. Uchunguzi wa Kelly, Pástor na Veronesi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba opsheni ambazo muda wake unavuka tukio la kisiasa huuzwa ghali kwa wastani wa asilimia 5 kuliko nyingine. Kupunguza gharama, wengi hununua ya 950 na kuuza ya 850 wakati huohuo. Ada inaweza kushuka kutoka 18 hadi, tuseme, 11, lakini kinga inaishia 850: fahirisi ikifika 800, umepoteza 200, umelipwa 100 ukitoa 11, na hasara inabaki 111.

Kuna faida moja ya opsheni hata kwa asiyenunua: zinakuambia soko linategemea mruko wa ukubwa gani. Chukua mtikisiko wa mwaka unaoonyeshwa na bei ya opsheni, gawanya kwa 16 (takriban kipeuo cha pili cha siku za biashara za mwaka), upate mtikisiko wa siku. Tuseme opsheni ya siku 20 za biashara inaonyesha asilimia 24 na hali ya kawaida ni 16. Kwa siku ni 1.5 na 1. Zidisha kila moja kwa yenyewe: 2.25 mara siku 20 ni 45. 1 mara siku 19 za kawaida ni 19. Tofauti ni 26, na kipeuo chake cha pili ni kama 5.1. Soko linategemea mruko wa takriban asilimia 5, juu au chini, siku ya matokeo. Kama wewe unaogopa wa asilimia 4, kinga ni ghali kwako. Kama unaogopa wa 12 kwa sababu zenye msingi, ni rahisi.

*Kinga.* Ni bora kuliko zote kwa pigo la siku moja, pamoja na lile la usiku ambapo bei hufunguka mbali na zilipofungia. Kwa wasiwasi usio na tarehe ni udhaifu mtupu: kuinunua upya kila miezi miwili kwa asilimia 1.8 ni zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na hakuna mkusanyiko wa hisa unaobeba mzigo huo.

*Uamuzi wa pili.* Mdogo. Hisa hujaziuza, opsheni inaisha yenyewe.

*Inapoharibika.* Kosa la tarehe linaongoza. Ufaransa ilipiga kura ya bunge tarehe 30 Juni na 7 Julai 2024. Opsheni inayoisha katikati ya duru mbili inakinga nusu ya tukio. Chagua siku ya kuisha inayovuka duru ya pili na muda wa kisheria wa kupinga matokeo. Kosa la pili ni kununua mkesha wa kura: matokeo yakitoka, mtikisiko unaotarajiwa huporomoka na opsheni inaweza kupoteza thamani hata fahirisi ikiwa imeshuka kwa asilimia 2. La tatu ni kukinga kitu kingine: opsheni ya fahirisi ya benki na kampuni kubwa haimkingi mwenye hisa tano za kampuni ndogo.

*Inamfaa nani.* Mwenye mkusanyiko mkubwa wa hisa wenye sura ya fahirisi, au mfuko wenye kiwango usichoruhusiwa kushuka chini yake, katika soko lenye opsheni hai na tukio lenye tarehe.

Njia ya 4: Kuhamisha mzigo

Hapa unabaki kwenye hisa, ila unabadilisha hisa za nani. Siku ile ya Juni 2016 ndiyo somo lake. Fahirisi ya London ya FTSE 250, iliyojaa kampuni zinazoitegemea Uingereza yenyewe, ilishuka kwa asilimia 7.2. FTSE 100, ambayo kampuni zake huingiza sehemu kubwa ya mapato kutoka nje, ilishuka kwa asilimia 3.2 na ikarudi ilikokuwa ndani ya juma moja, kwa kuwa pauni iliyoanguka iliongeza thamani ya mapato ya dola na euro. Nchi moja, kura moja, na tofauti yote ni fedha zinakotoka.

*Gharama.* Ada za kubadilisha hisa, na za kubadilisha sarafu kama unatoka nje. Hulipi kila mwezi, na gawio linaendelea.

*Kinga.* Hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayoshughulikia sarafu. Inakinga pia hatari ya kampuni moja mkononi mwa wanasiasa. Februari 2021 Rais Jair Bolsonaro wa Brazil alitangaza kumbadilisha mkuu wa Petrobras, kampuni ya mafuta inayodhibitiwa na serikali, na Jumatatu iliyofuata hisa zake zilianguka kwa takriban asilimia 21. Tarehe 31 Oktoba 2022, baada ya Lula kushinda urais, Petrobras ilishuka tena huku fahirisi ya Brazil ikifunga juu. Aliyeitazama fahirisi peke yake hakuona kitu. Sekta za kuangalia ni zilezile karibu kila mahali: kampuni zenye umiliki wa serikali, benki (zinashika hati za serikali), umeme na maji (bei zake hupangwa), na wenye mikataba ya barabara. Tangazo la kuvunjwa kwa bunge la Ufaransa tarehe 9 Juni 2024 liliziumiza benki na kampuni za barabara za kulipia kuliko soko zima, ambalo nalo lilishuka kwa asilimia 6 juma lile.

Haikingi anguko la dunia nzima, na haikupi taslimu.

*Uamuzi wa pili.* Mdogo ukiifanya kama mpangilio wa kudumu. Mkubwa ukiifanya kama kamari ya miezi miwili.

*Inapoharibika.* Sarafu ikipanda baada ya kura, kampuni zenye mapato ya nje ndizo huachwa nyuma. Milango pia inaweza kufungwa: Argentina ilirudisha vizuizi vya fedha za kigeni tarehe 1 Septemba 2019, majuma matatu baada ya kura ya mchujo. Anayetaka kutoka na sarafu atoke wakati hakuna anayeizungumzia.

*Inamfaa nani.* Mwenye mshahara, nyumba na hisa ndani ya uchumi mmoja, na mwenye robo au zaidi ya mtaji wake kwenye kampuni moja inayoigusa serikali.

Vipi kuhusu oda ya kusimamisha hasara?

Ni agizo kwa dalali auze bei ikishuka hadi kiwango ulichotaja. Inapendwa kwa kuwa ni ya bure, lakini usiku wa matokeo haikingi. Ukiweka oda ya kuuza kwa 92 na soko lililofunga kwa 100 likafunguka kwa 85, utauziwa kwa 85. Ukiweka na kikomo cha chini cha 90, hutauziwa hadi bei irudi 90. Iache kwa siku za kawaida.

Kwa hali yako

Unanunua kila mwezi na ustaafu uko mbali: kaa, na usibadilishe tarehe ya kununua. Ukikosa usingizi, ongeza njia ya 4 taratibu.

Unahitaji fedha ndani ya miezi 12: toa kiasi chote cha hitaji hilo, usitoe asilimia 30 tu, na usikirudishe hata soko likipanda. Kiasi hicho hakikupaswa kuwa kwenye hisa.

Umestaafu na unaishi kwa mauzo na gawio: weka matumizi ya miaka miwili kwenye hati fupi, kisha yaliyobaki yakae. Kupunguza zaidi ya hapo kunakuingiza kwenye uamuzi wa pili bila sababu.

Kura zinakaribiana, tarehe inajulikana, na kuna kiwango usichoweza kushuka chini yake: opsheni, miezi miwili hadi mitatu kabla, baada ya kupiga ile hesabu ya mruko. Soko lako halina opsheni hai: punguza mapema kwa vipande, au hamisha.

Una fedha mpya na uchaguzi uko mbele: zigawe mara nne, mbili kabla ya kura na mbili baada yake, kwa tarehe ulizoandika.

Wasiwasi hauna tarehe: sahau opsheni. Kinachobaki ni kukaa na akiba nje ya soko, na kuhamisha sehemu. Wasiwasi ni wa sarafu: njia ya 4 kwanza, nyingine zote baadaye.

Kuchanganya kunaruhusiwa, ila kwa kiasi. Mwenye mkusanyiko wa kawaida wa hisa anaweza kutoa asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya matumizi ya karibu, akahamisha nyingine 20 kwenye mapato ya nje, na kuacha zilizobaki. Akiongeza opsheni juu ya hapo, kwa kawaida analipia kinga ya kitu alichokwisha kukikinga.

Na iwapo italazimu kuuza au kununua juma lenyewe la matokeo, tumia oda yenye bei kikomo kila mara, epuka nusu saa ya kwanza baada ya soko kufunguliwa, muulize dalali kanuni za kusimamisha biashara (kwa asilimia ngapi, kwa dakika ngapi), na hakikisha kabla ya mapumziko ya mwisho wa juma kwamba oda zako za zamani ambazo hazijatimia umezifuta.